Nakuombea: namna ya kuipa uzito dua baada ya janga

Mtu akiandika "nakuombea" chini ya habari ya ajali, mafuriko au mauaji, ametoa ahadi. Kwa hiyo swali la kama dua baada ya janga ina maana au ni maneno matupu halina jibu moja la kuwafaa wote. Jibu linategemea mambo matatu: ahadi ile ilitimizwa au haikutimizwa, ilitolewa kwa nani, na je, aliyeitoa alikuwa na jambo jingine mkononi mwake akaliacha? Hapa hatubishani na asiyeamini kwamba kuna anayesikia. Tunasema na yule anayeamini na anayetaka neno lake limfikie mfiwa likiwa zima, kwa kuwa lawama nyingi za utupu huwaangukia watu ambao wangeziepuka kwa kazi ya dakika kumi.

Omba kwanza, andika baadaye

Kosa linaloongoza ni kuandika "tupo pamoja katika maombi" kisha kuendelea kupekua simu. Hakuna aliyekusudia uongo, lakini ombi halikufanyika, na zikipita saa mbili limeshasahaulika. Dawa yake ni kugeuza mpangilio. Habari ikikufikia, weka simu kifudifudi, omba pale pale ulipo kwa dakika tatu hadi tano, ndipo uandike. Ukifanya hivyo hata kitenzi kinabadilika chenyewe: "nimekuombea asubuhi hii" ni taarifa ya jambo lililokwisha kufanyika, wakati "nitakuombea" ni deni. Kama saa hiyo huwezi kuomba, usitaje maombi kabisa. Andika pole. Pole ni neno kamili, halihitaji kupambwa.

Dakika tatu zinaonekana chache mpaka uishiwe maneno baada ya sentensi mbili. Hilo humpata anayeombea "wote walioathirika" kwa jumla, kwa sababu hana mtu mbele ya macho yake. Fuata saa za janga lenyewe. Katika saa 24 za kwanza kuna walionaswa, kuna waokoaji wasiolala, kuna madaktari wa zamu, kuna mtu anayepiga namba isiyopokelewa. Kuanzia siku ya pili hadi ya saba kuna wanaotambua miili, wanaosubiri majibu ya vipimo vya vinasaba, na mtu mzima mmoja aliyepewa kazi ya kuwaambia watoto. Juma la kwanza likipita kuna kukosa usingizi, karatasi za bima na mirathi, na kabati lenye nguo ambazo hakuna anayethubutu kuzigusa. Dua ya siku ya kwanza si dua ya siku ya ishirini, na anayerudia ile ile huwa ameacha kufuatilia yanayowapata watu.

Dua yenyewe inaweza kuwa fupi kama hii:

"Ee Mungu, mama anayesubiri usiku huu nje ya chumba cha maiti, mpe mtu wa kukaa naye. Daktari atakayetoka kumwambia, mpe maneno machache na sauti ya upole. Mtoto aliyelazwa kwa jirani bila kujua lolote, mlinde mpaka aamke, na atakayemwambia asimdanganye. Nami nioneshe la kufanya kesho kabla ya saa sita mchana."

Tazama ilivyojengwa. Sentensi tatu za kwanza kila moja ina mtu, na kila mtu ana haja inayoweza kutamkwa. Ya nne inamgeukia anayeomba na kumwekea saa. Hiyo ya nne ndiyo inayoachwa mara nyingi, na ikiachwa mwombaji anabaki mtazamaji. Kama unajua jina la mtu, lilete. Kama hulijui, usilitafute kwenye orodha zinazosambazwa kabla familia hazijaarifiwa. Kwa Mungu "mama yule" anatosha.

Wenye dua zilizopangwa wasione haya kuzitumia. Waislamu wana kunuti ya majanga inayosomwa ndani ya sala za faradhi. Wayahudi wana Kaddish ya waombolezaji, ambayo haitaji kifo hata mara moja. Wakristo wana Zaburi za maombolezo, na hapa inafaa kusimama kidogo, maana nyingi huachwa makusudi kwa hofu ya kuonekana kumlaumu Mungu. Zaburi ya 13 inaanza kwa kuuliza "hata lini", na ya 88 inaishia gizani bila neno lolote la faraja. Waliozihifadhi walijua kwamba kulalamika mbele za Mungu ni kuomba. Kwa mtu aliyepoteza watu watatu siku moja, Zaburi ya 88 ni ya kweli kuliko wimbo wa shangwe, na anayemchagulia wimbo wa shangwe siku hiyo amemwomba aigize.

Jua unayemwandikia

Baada ya kimbunga Florence kulipiga jimbo la North Carolina nchini Marekani mwaka 2018, watafiti Linda Thunström na Shiri Noy waliwauliza wakazi wa jimbo hilo swali la ajabu: uko tayari kulipa kiasi gani ili mtu akuombee, au ili asikuombee? Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Kwa wastani Wakristo waliipa dua ya Mkristo wasiyemjua thamani ya dola 4.36, na dua ya padri dola 7.17. Wasioamini walikuwa tayari kutoa dola 3.54 ili Mkristo wasiyemjua asiwaombee. Ukiziweka pembeni pesa, linabaki jambo ambalo kila aliyewahi kufiwa analijua: maneno yale yale kwa huyu ni zawadi na kwa yule ni mzigo.

Ukijua kwamba mfiwa ni wa imani yako, tumia lugha yenu bila kusita. Ukijua ni wa imani nyingine, usimpe maneno ya dini yake kama huyamudu. Kuyakosea kunaumiza kuliko kutoyatumia. Mwandikie "nimewaombea kwa namna ninayoijua", na inatosha. Akiwa haamini, muombee faraghani ukipenda, ila kwake andika pole na jambo utakalofanya. Usipojua yuko upande gani, muulize mtu wa karibu naye, au anza na pole na kumtaja marehemu kwa jina, uache mlango wazi: "Mimi ni mtu wa sala, nikikuweka katika sala zangu itakufaa?" Swali hilo linajibika kwa neno moja, na kuna atakayejibu hapana. Heshimu hapana yake bila kueleza wala kutetea.

Linganisha jumbe hizi mbili. Wa kwanza: "Poleni sana kwa msiba huu mzito, Mungu awatie nguvu, tupo pamoja katika maombi, mkihitaji chochote msisite kusema." Wa pili: "Pole sana dada. Nimemwombea Juma na watoto leo alfajiri. Kesho saa nne nakuja na gari, linaweza kuwapeleka hospitali au kubaki hapo nyumbani. Nijibu 'hospitali' au 'nyumbani'. Usipojibu nitakuja nyumbani." Wa kwanza hauna ubaya wowote, lakini ungeweza kutumwa kwa yeyote na yeyote. Wa pili una jina, saa ya dua, saa ya kufika na majibu mawili ya kuchagua. Sentensi ya "mkihitaji chochote" inampa mfiwa kazi tatu: afikirie anachohitaji, apime kama wewe unakiweza, kisha ajishushe kuomba. Siku ya pili ya msiba hakuna mwenye nguvu ya hata moja kati ya hizo, ndiyo maana huwa haijibiwi.

Maneno ya kuacha, hata kama unayaamini

"Ni mapenzi ya Mungu." "Mungu alimpenda zaidi." "Kila jambo lina sababu yake." "Angalau una watoto wengine." Mfiwa akiyasema mwenyewe, mwache, huenda ndiyo kamba aliyoishika. Akiambiwa na mtu wa nje, yanageuka hukumu, na aliye kando haangukiwi na mti. Kisa cha Ayubu kinaeleza vizuri kuliko mafundisho marefu: rafiki zake watatu walikaa naye chini siku saba, usiku na mchana, bila kusema neno. Shida ilianza walipofungua vinywa kueleza sababu, na mwishoni Mungu mwenyewe anawakemea kwa waliyoyanena. Desturi ya Kiyahudi ya kumwacha mfiwa aanze kuzungumza ndipo mgeni aseme inafaa kuigwa na yeyote.

Kuna pia tamko linalosemwa kwa nia njema kuhusu waliolazwa: "watu elfu wanakuombea upone". Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya utafiti ulioongozwa na Herbert Benson, uliowafuata wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa moyo katika hospitali sita za Marekani. Kati ya walioambiwa kwa hakika kwamba wanaombewa, asilimia 59 walipata matatizo baada ya upasuaji. Kati ya walioombewa bila kuwa na uhakika walikuwa asilimia 52, na wasioombewa na waombaji wa utafiti asilimia 51. Hatusemi kwamba utafiti ule ulimpima Mungu, wala hakuna kipimo kinachoweza kuzuia sala za ndugu wa mgonjwa. Lakini mhudumu yeyote wa wagonjwa ataelewa hofu ya mtu anayejiuliza: hali yangu ni mbaya kiasi gani hata wakaitwa waombaji? Basi usimtangazie mgonjwa idadi. Mwambie "nimekuombea ulale vizuri leo", ombi dogo lisilomdai apone ili dua za watu zisionekane zimeshindwa.

Mkono utangulie, au uende sambamba

Hapa ndipo penye uzito wote wa swali. Mwaka 2020 Thunström alichapisha kazi nyingine, safari hii kuhusu michango kwa waathirika wa vimbunga. Waliofanya dua kabla ya kuamua kiasi cha kutoa walitoa pungufu kuliko ambao hawakuombwa kufanya dua. Sababu inayoelekea ni rahisi kuielewa: aliyekwisha kuomba anajihisi ameshatoa. Maandiko yalikuwa yameliona hili zamani. Waraka wa Yakobo, sura ya pili, unamtaja anayemwambia ndugu aliye uchi na mwenye njaa "nendeni zenu kwa amani" bila kumpa kitu. Sura ya Al-Maun katika Qurani inawaonya wanaosali huku wakinyima msaada mdogo. Na Mtume Muhammad ilipomfikia habari ya kifo cha binamu yake Ja'far, aliagiza watu wa Ja'far watengenezewe chakula, kwa kuwa wamefikwa na jambo linalowashughulisha.

Kwa hiyo amua kiasi cha kutoa kabla hujapiga magoti. Kiandike, kitume, kisha omba. Ukishindwa mpangilio huo, fanya vyote katika dakika zile zile kumi, usiache kimoja cha kesho.

Kuhusu cha kutoa, pesa hushinda vitu karibu kila mara. Shehena za nguo za mitumba zisizoombwa hujaza maghala na viwanja vya ndege, hula muda wa watu wanaotakiwa kugawa maji na dawa, na nyingi huishia kutupwa. Peleka vitu pale tu ambapo mtu aliye kwenye eneo ametaja kitu, kiasi na mahali pa kukipokea. Kabla ya kutuma pesa, piga simu kwa familia au taasisi kwa namba uliyoipata mwenyewe, si iliyoandikwa kwenye tangazo. Michango ya uongo huanza kuzunguka ndani ya saa chache, na mara nyingi hubeba picha halisi za marehemu.

Damu inahitaji maelezo yake. Damu inayowaokoa majeruhi katika saa za kwanza ni ile iliyokuwa tayari kwenye jokofu kabla ya janga, kwa sababu damu mpya lazima ipimwe. Chembe nyekundu hukaa hadi siku 42, chembe sahani, zile zinazogandisha damu, siku tano hadi saba tu. Watu elfu wakitoa siku moja, sehemu inaweza kuharibika, kisha mwezi unaofuata upungufu urudi. Piga simu kituoni uulize kama wanahitaji leo. Wakisema hapana, chukua miadi ya wiki tatu mbele uishike. Ukiwa umeshatoa, muda wa kusubiri kabla ya kutoa tena hutofautiana: kuna nchi zinazotaka siku 56, nyingine miezi mitatu kwa wanaume na minne kwa wanawake. Tunaipenda miadi hii ya baadaye kuliko foleni ya siku ya kwanza. Ni dua inayoendelea baada ya kamera kuondoka.

Ukiwa na mamlaka

Raia wa kawaida akisema "tunawaombea", hana la kuficha. Mtu anayesaini bajeti, anayekagua majengo au anayepiga kura bungeni akisema hayo hayo, msikilizaji ana haki ya kuuliza la pili. Baada ya shambulio la San Bernardino, California, tarehe 2 Desemba 2015, ambako watu 14 waliuawa, gazeti la New York Daily News lilitoka na ukurasa wa mbele uliosema Mungu halitatui tatizo hili, pembeni zikiwa jumbe za maombi za wanasiasa. Wengi walidhani linatukana sala. Walengwa hasa walikuwa wale wenye uwezo wa kutunga sheria ambao tamko lao lilianzia na kuishia kwenye sala.

Anayeandika tamko rasmi afuate mpangilio huu. Aanze na kilichothibitishwa: wapi, lini, wangapi. Afuatishe kinachofanyika sasa na namba ya simu kwa wanaotafuta ndugu zao. Kisha aseme nani anachunguza chanzo na ni tarehe gani taarifa ya kwanza itatolewa. Dua ije mwisho, sentensi moja au mbili. Ikitangulia, kila kinachofuata husomeka kama kujitetea. Ikibaki peke yake, husomeka kama kukwepa. Na usiandike "ni kazi ya Mungu" kuhusu jengo lililoanguka kabla ya mhandisi kukagua nondo na zege.

Ibada ya pamoja

Dakika 30 hadi 45 zinatosha. Zaidi ya hapo wafiwa huchoka na hotuba huanza kujiingiza. Kazi kubwa iko kwenye majina. Orodha ithibitishwe na familia moja moja, kwa simu, siku moja kabla: jina lisomwe namna gani, na je, wanataka lisomwe? Msomaji afanye mazoezi kwa sauti. Ukitenga sekunde tano kwa kila jina, majina 60 ni dakika tano kamili. Usiyaharakishe ili kuokoa dakika mbili. Kosa la jina moja ndilo litakalokumbukwa na familia hiyo miaka yote.

Kimya cha dakika moja kiwe dakika moja kwa saa ya mkononi. Viongozi wengi hukikata kwenye sekunde ishirini kwa kuogopa kimya chenyewe, na waliokuwa wanaanza tu kuomba hukatizwa. Pawe na mtu wa kuhesabu, mbali na kipaza sauti.

Penye dini mbalimbali, usitunge dua moja iliyochujwa hadi isimuudhi mtu. Haitamfariji mtu pia. Kila kiongozi apewe dakika tatu aombe kwa namna ya kwao, katikati pawe na kimya, na mwanzoni itangazwe kwamba asiyeomba anakaribishwa kukaa tu. Wanasiasa wakae na watu wengine, bila zamu ya kusema. Kamera zibaki nyuma, zisielekezwe kwenye nyuso za wafiwa. Karibu na mlango awepo mtu mwenye maji, aliyekubaliana mapema kutoka na yeyote atakayezidiwa. Bila yeye, anayelia huzungukwa na watu kumi wanaoomba kwa sauti juu ya kichwa chake, wakati alichohitaji ni hewa.

Wiki ya tatu na kuendelea

Jumbe nyingi hufika ndani ya siku saba. Kisha simu hunyamaza. Kwa hiyo, siku ile ile unapoandika pole, ingiza kwenye kalenda ya simu tarehe nne: wiki ya tatu, mwezi wa tatu, siku ya kuzaliwa ya marehemu kama unaijua, na mwaka. Kila tarehe ikifika, omba, kisha andika mistari miwili ukimtaja marehemu kwa jina. Usiulize "umeshapoa?" Uliza jambo linalojibika: umelala saa ngapi jana, karatasi za benki zimefika wapi.

Sala isiwe ukuta mbele ya tabibu. Shirika la Afya Duniani linatambua maombolezo ya muda mrefu kuwa ugonjwa pale hamu na uchungu mkali vinapomzuia mtu kuishi maisha yake kwa zaidi ya miezi sita, kupita kiasi cha kawaida katika jamii yake. Akitaja kutaka kujiua, hakuna kusubiri siku moja: kaa naye, ita msaada, omba ukiwa naye njiani. Nje ya dharura hiyo, msindikize kwa mtaalamu na umngojee nje ya chumba.

Mwaka ukitimia, ujumbe unaweza kuwa huu: "Leo ni mwaka. Nimemtaja Juma kwenye sala ya alfajiri. Saa kumi jioni nitapita hapo kwako, kama hutaki mgeni niandikie tu 'leo hapana'."